Kupima kwa umeme kama kidonda cha mguu cha kisukari kinapona

Kidonda cha unyayo kwa mgonjwa wa kisukari kinadanganya. Juu nyama ni nyekundu na safi, chini kuna mfuko wa usaha unaofuata mshipi wa kano kuelekea kisigino. Mgonjwa halalamiki kwa sababu mguu una ganzi. Homa inaweza isipande. Nesi anafungua bendeji, anapima urefu na upana kwa rula, anaandika "kinaendelea vizuri", na wiki inayofuata watu wanazungumzia kukata kidole.

Kipimo cha impidansi, yaani jinsi nyama inavyozuia umeme wa kupishana, kinasaidia hapo kwa sababu hakitazami sura ya kidonda. Kinatazama maji na seli zilizoko chini yake na pembeni mwake. Mwongozo huu ni kwa waganga, wauguzi na mafundi vifaa tiba wa kliniki za kisukari wanaotaka kukifanya kwa elektrodi nne (vibandiko vya umeme) na masafa ya kHz 50, yaani mkondo unaorudia mzunguko wake mara 50,000 kwa sekunde. Ni kipimo cha kusaidia, na sehemu kubwa ya matumizi yake kwenye vidonda bado ni ya utafiti. Rula, chuma tasa cha kuchunguzia kina cha kidonda, kipimajoto na vidole vya kutafuta mapigo ya damu vinabaki kazini kama kawaida.

Namba mbili, na maana yake

Maji yenye chumvi yaliyo nje ya seli yanapitisha umeme kirahisi. Utando wa seli ni tabaka jembamba la mafuta kati ya maji na maji, kwa hiyo unafanya kazi ya kapasita, kijenzi kinachotunza chaji na kupitisha umeme wa kupishana tu. Mwaka 1925 Hugo Fricke aliupima kwenye chembe nyekundu za damu kwa njia hii hii ya umeme na akapata kama mikrofaradi 0.81 kwa kila sentimita ya mraba, miaka mingi kabla utando huo haujaonekana kwa macho ya hadubini ya elektroni.

Ukipitisha mkondo wa masafa ya chini, unazunguka seli na kupita kwenye maji ya nje. Ukipandisha masafa, sehemu ya mkondo inapenya ndani ya seli. Kwa kHz 50 unapata yote mawili kwa pamoja, na mashine inakupa namba mbili: ukinzani (R), unaotegemea zaidi wingi wa maji, na riaktansi (Xc), inayotegemea utando wa seli zilizo hai na nzima. Kutokana na hizo unapata pembe ya fezi, ambayo ni arctan (kinyume cha tanjenti) ya Xc ukigawanya kwa R, kwa digrii.

Mguu ulioumuka kwa uvimbe una maji mengi nje ya seli, basi R inashuka. Bakteria na vimeng'enya vikipasua utando wa seli, Xc inashuka, na mara nyingi inashuka kwa kasi kuliko R, hivyo pembe nayo inapungua. Kidonda kinachojenga nyama mpya na kukauka uvimbe kinafanya kinyume: R, Xc na pembe vinapanda. Maambukizi yanaweza kuonekana kwenye namba hizi kabla usaha haujatoka, na hiyo ndiyo faida yenyewe.

Namba moja peke yake haina thamani. Ohmu 58 kwenye mguu wa mtu mnene haifanani na ohmu 58 kwenye mguu wa mtu mwembamba. Unachofuatilia ni mwelekeo wa kidonda hicho hicho, mahali pale pale, kikilinganishwa kila mara na sehemu kama hiyo kwenye mguu wa pili wa mgonjwa huyo huyo.

Mashine

Tafuta mashine inayoonyesha R na Xc zenyewe, kwa ohmu, pamoja na desimali moja. Mizani za nyumbani zinazotoa asilimia ya mafuta hazifai hata kidogo. Zinapima kupitia nyayo zote mbili, zinaficha namba ghafi, na zinakupa jibu lililopikwa kwa fomula ya mwili mzima.

Mashine nyingi za kupima mwili kwa kHz 50 hutumia mkondo wa mikroampia 800. Kwa eneo dogo la mguu, mikroampia 400 zinatosha. Kiwango cha kimataifa cha usalama wa vifaa tiba vya umeme, IEC 60601-1, kinaruhusu mA (miliampia) 0.1 kwa kHz 1 na kinapanda sambamba na masafa, kwa hiyo kwa kHz 50 mpaka wake ni mA 5. Ukitaka kushuka hadi kHz 5, mikroampia 400 bado ziko ndani ya mpaka. Ukishuka hadi kHz 1, punguza hadi mikroampia 100.

Wanaojenga mashine yao kwa ajili ya utafiti huanza na AD5933, chipu ya kupimia impidansi, kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Ina mitego miwili. Kwanza, imetengenezwa kwa impidansi za kuanzia kilo-ohmu 1 kwenda juu, wakati nyama ya mguu kati ya elektrodi mbili ni makumi ya ohmu tu, na inajua elektrodi mbili peke yake. Lazima uijengee mbele yake saketi ya chanzo cha mkondo na amplifaya ya tofauti. Pili, pini yake ya kutoa na ile ya kupokea hazikai kwenye volti moja ya DC (umeme wa mkondo mnyoofu). Kwa umeme wa volti 3.3, ukichagua kiwango chake kidogo kabisa cha kutoa, tofauti inafika karibu volti 1.5. DC hiyo ikipita kwenye ngozi inachemsha kemikali chini ya elektrodi na kuunguza. Weka kapasita ya nF (nanofaradi) 100 kwenye kila waya wa mkondo. Kwa kHz 50 inaongeza kama ohmu 32 tu, na DC haipiti. Chipu ya AD5940 inapunguza kazi hii kwa kuwa imeundwa kwa waya nne, lakini kapasita zinabaki.

Mashine ya kujitengenezea haiguswi na mgonjwa bila kibali cha maadili ya utafiti. Tanzania kibali hicho kinapitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na vifaa tiba viko chini ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Kenya utahitaji kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, na vifaa viko chini ya Bodi ya Dawa na Sumu.

Chanzo cha umeme ni betri, basi. Chaja iondolewe ukutani kabla waya wowote haujamgusa mgonjwa, na kompyuta mpakato ikiunganishwa nayo iwe kwenye betri yake. Sababu ni ile ile ya ganzi: mgonjwa wa kawaida akipigwa na umeme unaovuja atavuta mguu, huyu hatavuta.

Ipime mashine kabla ya mgonjwa

Nunua rezista za asilimia 1: moja ya ohmu 47, mbili za ohmu 100, nne za kilo-ohmu 1. Ongeza kapasita moja ya nF 33 ya aina ya filamu, si ya seramiki ya bei rahisi ambayo thamani yake inahama kwa joto.

Unganisha rezista ya ohmu 47 kwanza: waya wa mkondo na waya wa volti upande mmoja, wenzao upande wa pili. Mashine isome 47 kwa R, na Xc isizidi nusu ohmu. Halafu jenga mguu wa bandia. Rezista ya ohmu 100 inawakilisha maji ya nje. Sambamba nayo weka ohmu 100 nyingine iliyofuatana na kapasita ya nF 33, zikiwakilisha maji ya ndani na utando. Kwa kHz 50 unatakiwa kusoma R kama 59.4, Xc kama 19.6 na pembe ya digrii 18.2. Kwa kHz 1 R inakaribia 100, na ukipanda masafa juu sana inaelekea 50. Pembe ya mguu wa kweli ni ndogo kuliko hiyo, lakini kwa jaribio unataka pembe kubwa ili kosa lionekane.

Jaribio linalofuata ndilo wengi huliruka, na ndilo linaloeleza kwa nini namba zao hazitulii. Weka rezista ya kilo-ohmu 1 kwenye kila waya kati ya zile nne, kana kwamba ni ngozi kavu chini ya elektrodi, kisha soma tena mguu wa bandia. Baadaye iondoe kwenye waya mmoja tu wa volti, usome mara ya tatu. Mashine nzuri haitajali. Namba zikisogea zaidi ya asilimia 2, waya zina kapasitansi nyingi au amplifaya ni dhaifu, na mgonjwa mwenye ngozi kavu atakupa majibu ya uongo ambayo hutayagundua. Fupisha waya, tumia zenye ngao, usizikunje pamoja.

Jaribio la ohmu 47 na mguu wa bandia lirudiwe kila asubuhi ya kliniki. Ni dakika 3.

Nani asipimwe

Mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo kilichopandikizwa mwilini asipimwe. Mjamzito naye aachwe. Mgonjwa mwenye homa na wekundu unaopanda mguu, harufu ya kuoza, kidole cheusi, au ngozi inayotoa mlio wa gesi ukiibonyeza, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Kumbandika elektrodi ni kumchelewesha. Chuma au skrubu ndani ya mfupa wa mguu hazimzuii mtu kupimwa, ila ziandikwe, kwa sababu ulinganisho na mguu wa pili unaharibika na utabaki na mwelekeo wa mguu mmoja tu.

Mahali pa elektrodi

Hapa ndipo kazi ilipo.

Elektrodi ni nne, za ECG (kipimo cha umeme wa moyo) zenye jeli na fedha na kloridi ya fedha, za kutupwa, za ukubwa wa watoto. Za watu wazima ni pana mno kwa mguu. Elektrodi mbili za nje zinapitisha mkondo, mbili za ndani zinasoma volti. Hazibandikwi ndani ya kidonda. Zinakaa kwenye ngozi nzima, katika mstari mmoja unaokata katikati ya kidonda.

Kwa nini nne, si mbili? Mguso wa elektrodi na ngozi una kilo-ohmu nzima na unabadilika kila dakika. Nyama unayoitafuta ni ohmu 60. Ukitumia mbili unapima gundi na ngozi kavu, na kidonda kinapotea ndani yake. Elektrodi za ndani karibu hazinyonyi mkondo, kwa hiyo ngozi iliyo chini yake haihesabiki sana.

Siku ya kwanza weka kingo za elektrodi za volti sentimita 1 kutoka ukingo wa kidonda, pande mbili. Za mkondo ziwe sentimita 3 nje zaidi, zikipimwa katikati hadi katikati. Chora duara kuzunguka kila elektrodi kwa kalamu ya ngozi. Kisha weka karatasi ya plastiki angavu juu ya mguu, nakili kidonda, duara zote nne, na alama mbili za mwili zisizohama, kama kifundo cha ndani na mkunjo wa chini ya kidole gumba. Wino utafutika, karatasi haitafutika.

Wiki ya pili utashawishika kusogeza elektrodi zifuate ukingo wa kidonda kilichopungua. Usifanye hivyo. Ukizisogeza, umbali kati yake unafupika na R inashuka kwa sababu ya jiometria tu. Utaandika maambukizi kwenye mguu unaopona. Umbali wa siku ya kwanza ndio umbali hadi mwisho.

Kidonda kilicho chini ya fundo la kidole gumba, mahali pake pa kawaida kabisa, kinatatiza kwa sababu kimezungukwa na sugu. Sugu ni ukuta wa ngozi iliyokufa, hata jeli hailoweshi. Sugu yenyewe ni sehemu ya ugonjwa na inatakiwa iparuliwe na mtaalamu kama matibabu, basi pima baada ya kuparua, na kila mara iwe hivyo. Jozi ya nyuma ibandikwe kwenye upinde wa unyayo ambako ngozi ni laini. Jozi ya mbele haitatosha kwenye kidole. Iweke upande wa ndani wa mguu ikielekea juu, elektrodi ya volti karibu na kidonda na ya mkondo mgongoni mwa mguu. Mstari utapinda. Si kitu, mradi upinde vile vile kila wiki na kwenye mguu wa pili pia. Vidole vinavyogusana vinafupisha njia ya umeme, kwa hiyo weka gozi kavu katikati yake.

Kuna jambo moja lisilotarajiwa katika mpangilio wa elektrodi nne. Nyama iliyo kati ya elektrodi ya mkondo na jirani yake ya volti inahesabiwa kinyume: maji yakiongezeka hapo, R inaweza kupanda badala ya kushuka. Usaha uliotambaa sentimita 4 kutoka kwenye kidonda unaweza kukaa hasa pale. Ndiyo maana kidonda kinachotiliwa shaka kinapimwa mara ya pili kwa mstari unaokata ule wa kwanza kwa digrii 90.

Kupima, hatua kwa hatua

1. Mgonjwa alale chali dakika 10 hadi 15, miguu ikiwa usawa wa moyo, haigusani na haigusi chuma cha kitanda. Aliyekaa kwenye benchi la kliniki tangu asubuhi maji yote yameshuka miguuni, na yanachukua muda kurudi. Ukipima dakika ya 3 utapata R inayopanda kila unaposoma.

2. Mweleze. Inatosha kusema: "Mzee, nakubandika vibandiko vinne kama vile vya kupimia moyo. Umeme wake ni mdogo, hutausikia. Ukihisi joto au kuchomwachomwa, niambie." Halafu usitegemee kwamba atahisi.

3. Fungua bendeji, safisha kidonda kwa salaini ya asilimia 0.9, gusagusa kwa gozi tasa hadi kusiwe na maji yanayong'aa juu, subiri dakika 5. Utando wa salaini kutoka elektrodi moja hadi nyingine ni waya wa bure. Dawa zenye fedha, iodini au asali zioshwe zote.

4. Pima joto la ngozi kwa kipimajoto cha miale, pembeni mwa kidonda na mahali pale pale mguu wa pili. Ukinzani unashuka kwa takriban asilimia 2 kwa kila digrii moja ya joto inayoongezeka. Zaidi ya hapo, tofauti ya nyuzi 2.2 za Selsiasi kati ya mguu na mguu ni dalili ya uvimbe wa ndani hata bila umeme.

5. Futa ngozi ya mahali pa elektrodi kwa spiriti, nje ya kidonda tu, iache ikauke yenyewe. Usisugue kwa msasa kama wanavyofanya kwenye ECG. Ngozi hii haisamehe. Ngozi nyekundu, iliyolowa hadi kuwa nyeupe, au iliyochanika isibandikwe kitu.

6. Bandika elektrodi ndani ya duara, subiri dakika 2 jeli ishike, unganisha waya. Za mkondo ni za nje. Ukizichanganya na za volti hutapata onyo lolote kwa sababu kinadharia jibu ni lile lile, lakini kwenye ngozi kavu linapotoka. Zipake rangi tofauti.

7. Soma mara 3, sekunde 30 kati ya kila mara. Zikitofautiana chini ya asilimia 2, andika ya katikati. Zikizidi, bonyeza elektrodi na uanze tena. Zikigoma, badilisha elektrodi zote nne. Pakiti iliyofunguliwa mwezi uliopita jeli yake imekauka.

8. Rudia mguu wa pili kwa umbali ule ule, ukitumia karatasi angavu uliyoigeuza.

9. Toa elektrodi polepole, ukilaza kibandiko juu ya ngozi na kukilowesha kwa maji. Kukichomoa kwa haraka ni kumwongezea mgonjwa kidonda cha pili. Klipu za waya zifutwe kwa spiriti ya asilimia 70 kabla ya mgonjwa mwingine, na elektrodi zitupwe.

Siku ya kwanza ongeza hatua moja zaidi: toa elektrodi zote, bandika mpya kwenye duara zile zile, upime tena. Tofauti kati ya vipimo hivyo viwili ndiyo kelele yako. Ikiwa ni asilimia 4, badiliko lolote chini ya asilimia 8 wiki zijazo lichukulie kuwa si kitu. Hakuna kizingiti kimoja cha dunia nzima cha kukuambia kidonda kimepona au kimeharibika, kwa hiyo kelele yako mwenyewe ndiyo rula yako.

Hesabu

Tuseme mgonjwa wa kidonda cha mguu wa kushoto. Wiki ya 1, kushoto R ni 58 na Xc 4.1, pembe digrii 4.0. Kulia R 81, Xc 8.5, pembe 6.0. Uwiano wa R ni 58 kwa 81, yaani 0.72, na wa pembe ni 0.67.

Wiki ya 3, kushoto R 66, Xc 5.6, pembe 4.9, kulia 79 na 8.3, pembe 6.0. Uwiano umepanda hadi 0.84 na 0.81. Rula inasema kidonda kimepungua. Mambo yanaenda.

Wiki ya 4, kushoto R 57, Xc 3.9, pembe 3.9; kulia 80 na 8.4, pembe 6.0. Uwiano umeanguka hadi 0.71 na 0.65, wakati rula haijabadilika. Angalia mguu wa kulia kwanza: haujasogea. Kama mgonjwa angekuwa amejaa maji mwili mzima kwa sababu ya figo au moyo, kulia nako kungeshuka. Tatizo liko kushoto. Hapo unachukua chuma tasa na kuchunguza kina cha kidonda, ukisikiliza kama kitagonga mfupa. Unabonyeza unyayo kuelekea kidonda kuona kama kuna kinachotoka. Unaomba picha ya eksirei. Na unamuuliza mgonjwa, bila ukali, kama wiki hii amekikanyagia kidonda: shamba, msiba, foleni ya benki. Mguu uliokanyagiwa siku tatu nao unaumuka na kushusha R, lakini Xc kwa kawaida haiporomoki kiasi kile.

R ikishuka peke yake huku pembe ikitulia, fikiria uvimbe wa kawaida. Pembe ikishuka na R pia, fikiria maambukizi au kufa kwa nyama. R ikipanda sana kwa ghafla na Xc isiifuate, shuku elektrodi, sugu mpya, au nyama kavu iliyokufa kwa kukosa damu. Kidonda kikavu cheusi kinaweza kutoa R ya kupendeza. Kwa hiyo mapigo ya damu ya mgongo wa mguu na ya nyuma ya kifundo yapapaswe kabla ya kufurahia namba. Na usiamini sana kipimo cha presha ya kifundo kwa wagonjwa hawa, kwa kuwa mishipa iliyogeuka chokaa inakataa kubanwa na presha inasomeka juu kuliko ilivyo.

Mashine yenye masafa mengi inakupa ushahidi wa ziada. Gawanya impidansi ya kHz 100 kwa ile ya kHz 5. Kwenye nyama yenye afya masafa ya juu yanapenya seli, kwa hiyo jibu liko chini ya 1 kwa kiasi cha kuonekana. Seli zikipasuka na maji kujaa nje, masafa yote yanaona maji yale yale, na jibu linaisogelea 1. Jibu likipanda wiki hadi wiki ni habari mbaya, lakini zuri lake ni kwamba halitegemei sana umbali wa elektrodi.

Rula iendelee. Kidonda ambacho eneo lake halijapungua kwa nusu ndani ya wiki 4 za matibabu mazuri hakitarajiwi kufunga kufikia wiki 12. Umeme ukisema kinapona na rula ikasema hakisogei, amini rula na utafute kwa nini. Mara nyingi jibu ni kiatu.

Mara ngapi, na hadi lini

Mara moja kwa wiki inatosha kwa kidonda kinachokwenda vizuri, mara mbili kwa kinachotiliwa shaka. Saa ile ile ya siku. Mgonjwa wa kusafishwa damu kwa mashine ya figo apimwe kabla ya kusafishwa kila mara, siyo leo kabla na wiki ijayo baada, maana lita mbili au tatu za maji zinaondoka katikati. Ukimparua nyama iliyokufa (si sugu), usipime siku hiyo baada ya kisu. Pima kabla, au subiri siku 2.

Ngozi ikishafunga, mashine yenye masafa ya chini inaonyesha badiliko kubwa kwa sababu tabaka la juu la ngozi ndilo kizuizi kikuu cha umeme wa masafa hayo. Watafiti wa Tampere, Finland, waliitumia tabia hiyo kwa elektrodi zilizowekwa ndani ya bendeji yenyewe, wakilinganisha kidonda na ngozi nzima ya jirani. Kwa kHz 50 badiliko hilo ni dogo, na R na pembe huendelea kupanda wiki kadhaa baada ya kidonda kufunga kwa macho, kwa kuwa chini bado kunajengwa.

Kwa hiyo usimfute mgonjwa kwenye daftari siku kidonda kinapofunga. Karibu wagonjwa 40 kati ya 100 hupata kidonda kingine ndani ya mwaka mmoja. Mpime wiki ya 1, ya 2, ya 4 na ya 8 baada ya kufunga, kwa duara zile zile kutoka kwenye karatasi angavu. Uwiano ukianza kushuka zaidi ya kelele yako kwenye vipimo viwili mfululizo, na joto la ngozi likipanda, mrudishe kwenye kiatu cha kuondolea unyayo uzito au plasta ngumu ya mguu kabla ngozi haijapasuka, na uandike tarehe ya kipimo kinachofuata kwenye kadi yake ya kliniki, si kwenye daftari lako peke yake.